Mtetemo wa Jumatatu

Jina lake la kwenye kitambulisho lilitumika hospitalini na kwenye mikutano ya wazazi shuleni. Kwingine kote aliitwa Taratibu, na jina hilo alilipata kwenye lori la vioo.

Lori hilo alikuwa ameliendesha tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Nyuma yake vilisimama vioo vya madirisha ya maghorofa, vimeegemea fremu ya mbao, vimetenganishwa kwa vipande vya kadibodi, na kazi yake ilikuwa kuvifikisha vikiwa vizima. Madereva wengine walifika na nyufa, wakasingizia barabara. Yeye alifika amechelewa, shati limemganda mgongoni, na kioo hakina hata mkwaruzo wa ukucha. Kwenye tuta alipandisha gurudumu mojamoja, kama baba anayepanda kitandani bila kumwamsha mtoto.

"Taratibu!" wapakuaji walimpigia kelele. "Konokono amekupita pale kona, anakusalimia."

"Mwambieni anisubiri," alijibu. "Yeye hana mzigo."

Kwa hiyo Bosi, mwenye kampuni ya vioo, aliponunua gari jipya, refu, jeusi, lenye ukimya ambao ukikaa ndani unasikia saa yako ya mkononi, hakwenda kutafuta dereva wa suti na miwani. Alimwita Taratibu ofisini. "Mtu anayebeba vioo bila kuvunja," alisema, "atanibeba na mimi." Taratibu alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama ameongezwa urefu. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea mashati meupe ya kazi na kumtania kwamba sasa atanuka ngozi ya viti badala ya vumbi.

Majuma ya kwanza yalipita kama asali. Halafu, Jumatatu moja asubuhi, kwenye barabara kubwa inayozunguka mji, gari liliposhika kasi, Taratibu alihisi kitu kwenye viganja vyake. Kilikuwa kidogo sana, kama simu inayoita mfukoni bila sauti. Alipunguza mwendo, kikapotea. Aliongeza, kikarudi. Kwenye kioo cha ndani alimwona Bosi ameinua kikombe chake cha kahawa na anakitazama. Kahawa ilikuwa inachora viduara.

"Taratibu."

"Bosi."

"Hili gari lina homa?"

"Labda ni barabara, bosi."

"Barabara hii nimeipita tangu inajengwa." Bosi aliinywa kahawa yote kwa mkupuo, kabla haijamwagika. "Ijumaa simu yangu ilionyesha gari limesimama kule nyuma ya soko. Muda mrefu. Ulipiga shimo?"

Gari lilikuwa na kifaa chake cha kiwandani kilichomwonyesha Bosi kwenye simu kila lilipo. Taratibu alilijua hilo, lakini hakuwahi kulihisi shingoni kama asubuhi ile. "Nilikuwa najaza upepo, bosi. Kulikuwa na foleni."

"Sawa," alisema Bosi, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuiita sawa.

Alhamisi Taratibu alilipeleka gari kwenye gereji ya kampuni iliyoliuza. Fundi aliyelipokea alivaa ovaroli safi kuliko shati la dereva, na alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku akitazama viatu vyake. Tope kwenye soli, kwake, lilikuwa ushahidi.

"Gari jipya haliumwi," alisema Fundi. "Linaumizwa."

Hata hivyo aliingia, wakaenda nalo barabara kubwa. Kuhusu kazi yake hakuwa na mchezo. Kwanza alimwambia Taratibu asiguse breki. Mtetemo ukawepo, kwa hiyo breki hazikuwa na kesi. Kisha alimwambia atoe gia, gari libingirike lenyewe, injini ikipumua tu. Mtetemo uleule. Injini ikaachiwa huru. Waliporudi alibadilisha magurudumu, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele, wakatoka tena. Safari hii usukani ulitulia kama meza, lakini kiti kikaanza kuwakuna makalio.

"Umeona?" alisema Fundi. "Ugonjwa umehama na magurudumu. Hauko kwingine."

Alilivua gurudumu na kulipachika kwenye mashine ya balansi, likazunguka, taa nyekundu zikawaka. Akalisimamisha na kuingiza tochi nyuma ya vijiti vinene vya rimu. "Hapa palitakiwa kuwa na vyuma," alisema. Akatoa kwenye droo utepe wa vipande vidogo bapa vya kijivu, mfano wa vipande vya chokoleti, vyenye gundi mgongoni. Alimweleza kwamba hakuna gurudumu linalozaliwa likiwa sawa pande zote. Upande mmoja huwa mzito kidogo, na hivi vyuma hubandikwa upande wa pili ili vilingane. Vikikosekana, gurudumu linaruka.

"Vimekwenda wapi?"

"Wewe ndiye unayeshinda na gari," alijibu Fundi. "Mimi niulize ya mashine."

Alibandika vingine. Kwenye barabara kubwa gari lilinyamaza kama mtu aliyekemewa. Taratibu alirudi anapiga mluzi. Ijumaa ilikuwa shwari, Jumamosi shwari. Jumatatu, kahawa ya Bosi ikachora viduara.

Sasa alianza kuwatazama watu. Alimshuku Fundi kwanza: labda gundi ya bei rahisi, labda gari halikuwa jipya kama lilivyosemwa, na mtu yule mwenye ovaroli safi alikuwa anafunika jambo. Lakini aliporudi gereji, Fundi alipiga magoti, akamulika ndani ya rimu, kisha akamwita aje aone mwenyewe. Pale palipokuwa na vyuma pamebaki mistari ya gundi, na juu ya gundi mikwaruzo myembamba, iliyonyooka.

"Hivi havikudondoka," alisema Fundi polepole. "Vimebanduliwa. Mtu ameingiza chuma chembamba akavikwangua. Unaosha gari wewe?"

"Ni mimi tu. Sponji na maji."

"Ni wewe tu," alirudia Fundi, na safari hii hakutazama viatu. Alimtazama usoni. Alibandika vyuma vipya, na kabla gari halijatoka getini alikuwa amekwisha kumpigia Bosi simu.

Jioni hiyo Bosi hakushuka mara moja gari liliposimama nyumbani kwake. "Nimeambiwa kuna mtu anabandua vitu kwenye gari langu kwa mkono," alisema, akitazama mbele. "Sitaki kujua sababu. Huenda umechoka, huenda kuna mtu anakutuma. Jumatatu mchana napokea wageni uwanja wa ndege, wale wa vioo vya hoteli. Nitawaambia kwamba vioo vyangu vinasafiri bila kutikisika. Gari likitetemeka nao ndani, Jumanne Shemeji atashika usukani. Wewe utanirudishia ufunguo, na sidhani kama nitakupa hata lori."

Hapo Taratibu aliona picha yote, au alidhani ameiona. Shemeji, kaka wa mke wa Bosi, alikuwa anakaa chumba cha nje akisubiri kazi inayomfaa. Kila asubuhi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akimtazama Taratibu anavyopangusa boneti. "Siku hilo gari likipata dereva wa kisasa," alikuwa akisema huku povu likimtoka, "litashukuru." Na mtetemo ulianza Jumatatu tu. Ijumaa na Jumamosi Taratibu alikuwepo. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alivaa shati la kazi. Mke wake alisimamisha mguu juu ya pedali ya cherehani.

"Mume wangu, leo Jumapili. Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kumkamata mtu."

"Kwa shati jeupe hivyo? Atakuona kabla hujafika." Akamrushia koti la zamani la kijivu. Aliposhika mlango, akaongeza kwa sauti nyingine, "Uhakikishe umeona kwa macho yako. Usije ukamtaja mtu kwa hasira tukakosa vyote."

Alimwambia mlinzi wa getini kwamba amesahau miwani, akazunguka nyuma ya nyumba, akajibana ndani ya chumba cha pampu ya maji. Mlango wake wa mabati ulikuwa na tundu lililotazama moja kwa moja chini ya kibanda cha gari. Joto la humo lingeivisha mkate. Nyumba ilikuwa imelala. Kiyoyozi cha chumbani kwa Bosi tu ndicho kilichonguruma.

Shemeji alitokea. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akalinyatia gari. Shemeji alipitisha kiganja kwenye paa, akainama karibu na gurudumu la mbele, na Taratibu akaweka mkono kwenye komeo. Kumbe anafunga kamba ya kiatu. Alipoinuka aliegemea mlango wa dereva, akanyanyua simu, akabinua midomo na kujipiga picha. Akageuka upande. Nyingine. Akatoa mfukoni ufunguo wa chumba chake, akauning'iniza kidoleni kama ndio wa gari, akapiga nyingine akicheka na watu wasiokuwepo. Kisha akaenda zake getini, macho kwenye simu. Magurudumu hakuyagusa.

Taratibu karibu ajisikie vibaya. Alikuwa amekwisha kumhukumu yule mtu na kumfunga, na sasa hakujua amfunge nani.

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka, akatoka Afande.

Afande alikuwa mama mzazi wa Bosi. Alistaafu akiwa askari wa gereza la wanawake, na nyumba nzima, kuanzia wajukuu mpaka muuza maziwa, ilimwita kwa cheo. Kazi yake ilikuwa upekuzi. Ilisemwa kwamba aliwahi kutoa sindano ndani ya pindo la sketi kwa kupapasa tu. Hata nyumbani hakuacha: mkoba ukiingia aliubonyezabonyeza, zawadi ikija aliisikiliza kwanza. Sasa alikuja na kigoda, kopo la biskuti na kisu cha kupakia siagi. Alikaa mbele ya gurudumu kama mtu anayekuja kukamua ng'ombe, akapitisha mkono mwembamba kati ya vijiti vya rimu, akafumba macho, akapapasa. Kisu kikaingia. Ikasikika *kwaru, kwaru*, halafu *ting* ndani ya kopo.

Taratibu alitoka bila kujua kwamba ametoka.

"Afande. Shikamoo."

"Marahaba." Hakushtuka hata kidogo. Alifumbua jicho moja. "Nilijua. Umekuja kukagua vifaa vyako."

"Vifaa gani, Afande?"

"Swali halijibiwi kwa swali. Mikono nje ya mifuko." Na Taratibu, mtu mzima mwenye watoto wanaonyoa ndevu, alikuta ameitoa. "Redio ilisema. Wezi wa magari makubwa wanabandika vidude vya kufuatilia, vidogo, vya gundi, mahali ambapo mkono haufiki. Mimi mkono wangu unafika. Mara ya kwanza nikavitoa, nikasema labda vilikuja na gari. Alhamisi ukaondoka, ukarudi na vingine. Nikavitoa. Ukaondoka tena, ukarudi na vingine vipya, vinameta! Sasa wewe ungekuwa mimi ungemwita nani mwizi?"

Taratibu alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua. Kila alipotibu gari, alikuwa anajiongezea ushahidi. Na kila mama huyu alipolilinda, alikuwa anampeleka yeye karibu na mlango wa kutokea.

"Na mimi nilidhani ni Shemeji," alisema.

"Shemeji? Yule kopo la maziwa linamshinda."

"Kwa nini hukumwambia Bosi, Afande?"

"Sikamati mtu kwa kuhisi. Nakamata akiwa na kitu mkononi."

"Na sasa hivi, kwa heshima zote, nani ana kitu mkononi?"

Afande alitazama kisu chake cha siagi. "Eleza," alisema.

Alieleza, naye hakuamini hata neno. Kwamba chuma kidogo hivyo, kizito kama kifungo cha koti, kinaweza kutikisa gari zima? Hata wafungwa walikuwa wakimletea uongo uliopangwa vizuri kuliko huo. Taratibu aliangaza macho uani. Baiskeli ya mjukuu ilikuwa imelala ukutani na vibanio vya nguo vilikuwa kwenye kamba.

Aliipindua baiskeli ikasimama kwa kiti na usukani. Alilizungusha gurudumu la nyuma kwa pedali; likazunguka kimya. "Sasa naomba ushahidi wako." Alichagua chuma kimoja kikubwa kwenye kopo, akakibana kwa kibanio karibu na rimu, akazungusha tena. Baiskeli ilianza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa, ikatembea juu ya vigae mpaka ikamgonga Afande mguuni.

"Simamisha!"

"Sasa tazama." Alibana chuma kingine na kibanio kingine, upande wa pili kabisa. Akazungusha. Baiskeli ikatulia.

Afande alimsogeza kando. Alikitoa cha pili, akazungusha: ikaruka. Alikirudisha: ikatulia. Alitoa cha kwanza, akajaribu kukiweka karibu na mwenzake, ikaruka vibaya kuliko mwanzo. Alifanya hivyo mpaka jasho likamtoka puani.

"Kwa hiyo kimoja kinamzuia mwenzake," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Afande."

"Kama pingu."

"Kama pingu hasa."

Hapo ndipo Bosi alipotokea mlangoni, kandambili miguuni, alama ya mto shavuni. Aliona baiskeli imepinduliwa, aliona kopo, aliona vyuma, na macho yake yakasimama kwa dereva aliyevaa koti asilolijua, siku ambayo hakutakiwa kuwepo.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Kusema ni nani maana yake ni kumnyooshea kidole mama wa mtu mbele ya mwanawe, tena mama mwenyewe amesimama hapo. Kunyamaza maana yake ni Jumanne. Taratibu alimtazama Afande. Afande alikuwa anatazama kisu. Mwanamke huyu hakuwahi kukosea upekuzi hata mara moja, kwa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo aliyarudia kila mgeni alipofika. Kilichohitajika ni anyamaze tu.

Alijifuta mikono kwenye kanga, akasimama wima, visigino pamoja.

"Aliyebandua amekamatwa," alisema, kwa sauti ya gwaride. "Mwanamke. Umri wake unaujua. Ni mimi. Huyu hana kosa. Lakini upekuzi wenyewe ulikuwa halali."

Bosi alikaa kwenye kigoda. Kisha alimgeukia dereva. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa hujamaliza kunitazama, bosi."

Bosi aliinamisha kichwa, akasugua ile alama ya mto. "Asubuhi lipeleke gereji," alisema. "Wageni wanashuka saa sita. Tukutane uwanja wa ndege."

"Na mimi nakwenda," alisema Afande. "Hayo maelezo ni ya baiskeli. Ya gari sijayaona."

Jumatatu asubuhi Fundi wa ovaroli safi alijikuta anafanya kazi mbele ya kigoda cha Afande. Aliambiwa akunjue kiganja kabla ya kila kipande, akigeuze, akionyeshe mgongo wake. Mara moja alidondosha chuma, akainama kukiokota, akaulizwa kwa nini amekiokota kwa mkono wa kushoto. Alimtazama Taratibu kwa macho ya kuomba msaada. Taratibu alitazama viatu vya Fundi.

Walipofika barabara kubwa, Afande alikuwa kiti cha mbele, glasi ya maji juu ya goti lake. Taratibu alipandisha mwendo kidogokidogo, kama siku za lori. Viganja vyake vilisubiri kile kitu. Hakikuja. Usukani ulikuwa kimya, kiti kilikuwa kimya, na maji kwenye glasi yalikaa kama kioo kilichofika kizima.

Afande aliyatazama kilomita nyingi. Kisha akayanywa yote, akaiweka glasi kwenye mfuko wa mlango, na kuanza kupapasa chini ya kiti, pembeni mwa kiti, chini ya dashibodi.

"Niambie ukweli," alisema. "Hili gari halina kabisa kile kidude cha kufuatilia?"

Taratibu alifikiri. Alikuwa ametoka kuokolewa na ukweli, hakutaka kuuchezea. "Kipo, Afande. Limetoka nacho kiwandani, kiko ndani ya vyuma, hakitoki. Bosi anatuona kwenye simu yake."

Mkono ulisimama chini ya dashibodi. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Afande aliutoa mkono polepole. Alitengeneza kanga begani, akajifuta mdomo, akakaa wima akitazama mbele kama mtu anayepigwa picha, mpaka uwanja wa ndege.